Hukumu ya Mezani: Wakili na Usuluhishi wa Migogoro Nje ya Mahakama

Agosti 2017 Watanzania walipata habari kwamba ndege mpya aina ya Bombardier Q400, waliyokuwa wakisubiri kuiona ikitua Dar es Salaam, imezuiwa Canada. Ndege haikuwa na hitilafu, na mtengenezaji hakuwa na ugomvi na mnunuzi. Iliyoizuia ni barabara, ile ya Wazo Hill hadi Bagamoyo. Kampuni ya ujenzi ya Stirling Civil Engineering, iliyowahi kupewa kandarasi ya barabara hiyo, ilikuwa na tuzo ya usuluhishi dhidi ya serikali, na deni lilitajwa kufikia dola za Marekani zipatazo milioni 38. Tuzo ikiwa mkononi, kampuni ilibaki kutafuta mali ya mdaiwa wake, popote ambapo mahakama ingekubali kuishikilia.

Abiria wa daladala aliyesikia habari hiyo redioni alikuwa na haki ya kushangaa. Kama mgogoro ulimalizwa nje ya mahakama, ilikuwaje ndege ikamatwe kwa nguvu ya mahakama ya nchi ya mbali? Jibu lake linaeleza kazi ya wakili wa usuluhishi vizuri kuliko bango lolote la ofisi ya mawakili. Usuluhishi huitwa njia ya nje ya mahakama, lakini hauko mbali na mahakama. Umeuegemea ukuta wake. Mahakama huulinda unapoanza, huukwamua unapokwama, na mwishoni huuazima nguvu ili tuzo ilipwe. Wakili anayeujua mlango wa kutokea mahakamani na asiujue wa kurudia humwacha mteja wake na karatasi tupu.

Lugha nayo imechangia mkanganyiko. Neno usuluhishi limezaliwa na suluhu, na kwa msikilizaji wa kawaida suluhu ni watu kupeana mikono. Mechi ikiisha bila bao, mtangazaji husema timu zimetoka suluhu. Usuluhishi unaozungumzwa na Sheria ya Usuluhishi ya Tanzania hauna sare ya namna hiyo. Waarabu, ambao kwao tuliazima neno, huuita tahkim, neno la ukoo mmoja na hakimu na hukumu. Sulhu wao wameiachia mapatano. Anayekaa katikati husikiliza, hupima ushahidi, kisha hutoa uamuzi unaomfunga hata asiyeupenda. Uamuzi huo huitwa tuzo, na hapo pia pana kichekesho: tuzo ndiyo apewayo mwanamuziki bora wa mwaka, na tuzo ndiyo anayosomewa mtu aliyeamriwa kulipa mamilioni.

Mambo huzidi kuchanganyika katika migogoro ya kazi. Chombo cha Tanzania kinachoishughulikia kinaitwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na humo usuluhishi ni ile hatua ya kupatanishwa, huku kazi ya kutoa tuzo ikiitwa uamuzi. Neno lile lile basi linabeba maana mbili zinazokaribia kupingana, kutegemea ni sheria gani imefunguliwa mezani. Hapa neno upatanishi litatumika kwa kikao ambacho mtu wa kati huwasaidia wagomvi wakubaliane wenyewe, na usuluhishi kwa kile ambacho mtu wa kati huamua. Mteja anayemwambia wakili wake kwamba anataka "usuluhishi" anapaswa kuulizwa kwanza: unataka mpatane, au unataka mtu awaamulie?

Kisheria jambo hili si geni. Tanganyika ilikuwa na sheria ya usuluhishi tangu 1931, na sheria hiyo iliishi karibu miaka tisini kabla ya kufutwa na Sheria Na. 2 ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika Januari 2021 na kuanzisha Kituo cha Usuluhishi Tanzania. Kenya ina sheria yake ya 1995. Katiba yake ya 2010, katika Ibara ya 159, inaziagiza mahakama zikuze upatanishi, usuluhishi na njia za kimila za kutatua migogoro, na sheria ya 2013 iliunda kituo cha usuluhishi wa kimataifa jijini Nairobi. Kigali ilizindua chake 2012. Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha nayo imepewa na mkataba wa jumuiya mamlaka ya kusuluhisha, endapo wahusika wameitaja kwenye mkataba wao.

Lakini kinachoupa usuluhishi miguu mirefu ni Mkataba wa New York wa 1958. Tanzania ilijiunga nao 1964, Kenya 1989, Uganda 1992, Rwanda 2008, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2014. Leo una nchi zaidi ya 170. Kila nchi mwanachama imekubali kwamba mahakama zake zitaitambua na kuikazia tuzo iliyotolewa katika nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizoorodheshwa: mathalani upande mmoja haukupewa nafasi ya kusikilizwa, au msuluhishi aliamua jambo ambalo hakupewa. Hukumu ya kawaida ya Mahakama Kuu ya Dar es Salaam haina pasipoti ya aina hiyo. Mfanyabiashara wa Mombasa anayemdai mnunuzi wa Ulaya anaweza kushinda kesi nyumbani na bado asijue aipeleke wapi hukumu yake. Akiwa na tuzo, njia ipo.

Sababu nyingine ya kuchagua usuluhishi ni utaalamu. Jaji anaweza kuwa bingwa wa sheria na asijue kwa nini zege limepasuka. Ndiyo maana sekta ya ujenzi imekuwa shule kongwe ya usuluhishi katika eneo hili. Baraza la Taifa la Ujenzi la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya 1979, lina kanuni zake za usuluhishi, na orodha za wasuluhishi zimejaa wahandisi na wakadiriaji majenzi. Sheria haisemi kwamba msuluhishi lazima awe mwanasheria. Mgogoro ukiwa juu ya ujazo wa kifusi kilichoondolewa au unene wa lami, mkadiriaji majenzi husoma jedwali la vipimo kama mwalimu anavyosoma daftari la mwanafunzi, na mawakili hawana haja ya kutumia siku mbili kumfundisha.

Hapo ndipo watu huuliza: kama msuluhishi si lazima awe mwanasheria, wakili wa nini?

Jibu huanza miaka mingi kabla ya mgogoro, siku ambayo mkataba unaandikwa. Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Kariakoo anayejengewa ghala Chalinze. Mkataba una kurasa arobaini. Bei imejadiliwa wiki tatu, ratiba ya malipo imepitiwa mstari kwa mstari, hata aina ya bati imetajwa. Kifungu cha mwisho kabisa, kilichonakiliwa kutoka mkataba mwingine saa chache kabla ya kutia saini, kinasema: "Mgogoro wowote utamalizwa kwa mazungumzo ya kirafiki, na yakishindikana, pande zote zinaweza kwenda kwenye usuluhishi au mahakamani."

Sentensi hiyo inaonekana ya kiungwana, lakini ni mtego. Neno "zinaweza" halimlazimishi mtu. Neno "au" limefungua milango miwili, na kila mgomvi atakimbilia ule unaomfaa: anayedai atataka wa haraka, anayedaiwa atataka wa taratibu. Mazungumzo ya kirafiki yatadumu siku ngapi kabla ya kuhesabiwa kuwa yameshindikana? Haikusemwa. Msuluhishi ni mmoja au watatu, na nani atamteua wasipokubaliana? Haikusemwa. Watakaa wapi, chini ya sheria ya nchi gani, kwa lugha ipi? Kimya. Ghala likianza kuvuja, mwaka wa kwanza wa ugomvi hautahusu bati hata kidogo. Utahusu maana ya "au".

Wakili mzoefu hurekebisha kifungu kama hicho kwa maneno machache. Huweka "utaamuliwa" mahali pa "zinaweza". Hutoa siku, tuseme thelathini, za mazungumzo. Hutaja idadi ya wasuluhishi, kanuni zitakazofuatwa, na taasisi itakayoteua endapo wahusika watavutana. Hutaja pia mji ambao sheria yake itakuwa mlezi wa usuluhishi, yaani nchi ambayo mahakama zake zitasaidia shauri likikwama na kusikiliza maombi ya kuitengua tuzo. Kikao kinaweza kufanyika Zanzibar hotelini, lakini kama makao ya kisheria yaliyotajwa ni London, atakayetaka kuipinga tuzo huenda akalazimika kumlipa wakili wa London. Lugha nayo si jambo dogo. Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama kwa marekebisho ya mwaka 2021, na katika usuluhishi wahusika wana uhuru wa kuchagua lugha wanayoitaka. Hata hivyo mikataba mingi ya fundi Mswahili na mteja Mswahili bado huandikwa kwa Kiingereza, na ugomvi ukizuka shahidi huhitaji mkalimani kueleza alichokisema kwa Kiswahili eneo la ujenzi.

Kifungu hicho kina sifa moja inayowashangaza wengi: hakifi na mkataba. Upande mmoja ukitangaza kwamba mkataba umevunjwa, au hata kwamba haukuwahi kuwa halali, makubaliano ya usuluhishi huhesabiwa kuwa yanasimama peke yake. Na mgomvi akikimbilia mahakamani, mwenzake ana haki ya kuiomba mahakama isimamishe kesi ili waende kwa msuluhishi. Ombi hilo lazima liletwe mapema. Anayejibu madai mahakamani kwanza, kisha akakumbuka kifungu chake baadaye, hukuta mlango umeshafungwa.

Kazi ya pili ya wakili ni kuhesabu siku. Mikataba ya barabara na madaraja hutumia sana masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Katika toleo la 1999 mkandarasi anayetaka nyongeza ya muda au fedha lazima atoe taarifa ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, tukio lililomletea hasara. Bodi ya migogoro inayoundwa chini ya masharti hayo ikitoa uamuzi, asiyeridhika ana siku 28 nyingine za kusema hakuridhika. Akinyamaza, uamuzi unakuwa wa mwisho. Mvua za masika zimekata njia ya kokoto, meneja wa mradi yuko bondeni anahangaika na matrekta, barua inasubiri. Mwezi unapita. Madai yaliyokuwa ya haki kabisa yameoza kwenye droo, na hakuna msuluhishi atakayeyafufua kwa huruma tu.

Mgogoro ukishafika mezani, chumba chenyewe hakina fahari. Ni ukumbi wa mikutano wa hoteli au ofisi, wenye meza ndefu, chupa za maji, na mafaili mazito yenye vitenganishi vya rangi. Hakuna joho, hakuna karani anayepaza sauti "kooorti". Msuluhishi hukaa kichwani mwa meza, mawakili wakitazamana. Lakini mwenendo wa shauri unafanana na ule wa mahakama kuliko wengi wanavyotarajia: hati ya madai, hati ya utetezi, madai kinzani kama yapo, kubadilishana nyaraka, maelezo ya mashahidi kwa maandishi, maswali ya dodoso, majumuisho ya mwisho, kisha tuzo. Tofauti ni kwamba karibu kila hatua inajadiliwa. Kikao cha kwanza, ambacho watu wa nje hukidharau, ndicho kinachoamua kama shauri litakwisha kwa miezi minane au miaka mitatu: tarehe gani, mashahidi wangapi, kurasa ngapi, nani anatangulia. Wakili aliyelelewa mahakamani na kuzoea mapingamizi ya awali na kuahirisha kesi anaweza kuufanya usuluhishi kuwa nakala ya mahakama, tena nakala ya gharama kubwa.

Na gharama ndilo jambo ambalo wanaoisifu njia hii hulitaja kwa sauti ya chini. Jaji hulipwa mshahara na umma. Msuluhishi hulipwa na wagomvi, mara nyingi kwa saa au kwa kiwango kinachopanda na thamani ya madai, na wakiwa watatu bili ni tatu. Kuna ada ya taasisi, kodi ya ukumbi, mwandishi wa kumbukumbu, pengine tiketi za ndege. Kwa kawaida msuluhishi ana haki ya kuizuia tuzo hadi alipwe, na imetokea upande mmoja ukagoma kuchangia, mwenzake akabeba mzigo wote ili tu aijue hatima yake. Kwa deni la shilingi milioni tatu, wasuluhishi watatu ni kumchinja ng'ombe kwa ajili ya supu ya mtu mmoja.

Haraka nayo haina dhamana. Hadithi inayosimuliwa sana na mawakili wa Nairobi ni ya Nyutu Agrovet na Airtel Networks Kenya. Ugomvi wao ulianzia kwenye oda ya simu za mkononi yenye thamani ya takriban shilingi milioni 11 za Kenya. Msuluhishi aliipa Nyutu zaidi ya shilingi milioni 541. Agosti 2011 Mahakama Kuu iliitengua tuzo hiyo yote, kwa kuwa ilishughulikia mambo yaliyokuwa nje ya makubaliano ya wahusika. Nyutu ikataka kukata rufaa, na hapo likazuka swali jipya: je, uamuzi wa Mahakama Kuu wa kuitengua tuzo unakatiwa rufaa? Sheria haikusema ndiyo wala hapana. Swali hilo pekee lilipanda hadi Mahakama ya Juu, iliyojibu Desemba 2019 kwamba rufaa inawezekana, ila katika mazingira ya nadra sana, kisha ikalirudisha suala kwenye Mahakama ya Rufani. Miaka minane ilikuwa imepita, na wahusika walikuwa bado kizingitini.

Kisa hicho hakionyeshi kwamba usuluhishi haufai. Kinaonyesha kwamba wakili wa mdai hapaswi kushangilia tuzo nono kuliko madai bila kujiuliza kama itahimili kutazamwa na jaji. Mahakama haitengui tuzo kwa sababu tu msuluhishi amekosea katika kupima ushahidi; mwanya wa kupinga ni mwembamba, na Kenya umewekewa miezi mitatu. Lakini msuluhishi aliyevuka mipaka ya mamlaka yake, au aliyemnyima mtu nafasi ya kujibu, ameuacha mwanya wazi. Wakili makini humkumbusha msuluhishi mipaka hiyo hata pale ambapo kuivuka kungemnufaisha mteja wake.

Sura tofauti kabisa ya usuluhishi iko Tanzania katika migogoro ya kazi, na ndiyo inayowagusa watu wengi kuliko mikataba ya mabilioni. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi iliundwa na Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004. Mlinzi aliyefukuzwa bila kusikilizwa, mhudumu wa baa aliyeambiwa asirudi kesho, dereva wa lori aliyeachishwa kwa ujumbe wa simu: wote huanzia hapo kwa kujaza fomu. Anayedai kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufungua madai. Madai mengine mengi yana siku 60. Kwanza hufanywa upatanishi, ambao sheria imeupa siku 30. Ukishindikana, mwamuzi husikiliza na kutoa tuzo, na asiyeridhika hupeleka maombi ya marejeo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki sita.

Mfanyakazi anaweza kwenda na wakili, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, au mtu mwingine anayemwamini. Lugha inayosikika ni Kiswahili, na madai mara nyingi ni mishahara ya miezi michache na cheti cha utumishi. Hapa wakili anaweza kuwa msaada au kikwazo. Akifika akiwa na hoja za kiufundi tu, kikao cha upatanishi kinageuka mazoezi ya kesi. Akikaa na mteja wake nusu saa kabla, akamwambia bila kuficha kwamba barua ya onyo aliyoisaini mwaka juzi itamdhoofisha na kwamba ofa ya mwajiri si mbaya, anaweza kummalizia jambo siku hiyo hiyo. Aliyechelewa siku 30 na kuomba aongezewe muda lazima atoe sababu ya kueleweka. Kusema alikuwa akimsubiri bosi abadilike moyo si sababu.

Kuna pia migogoro ambayo haihitaji msuluhishi wa kulipwa. Katika ardhi, mabaraza ya vijiji Tanzania yana wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, na kazi yao ni kupatanisha. Mabaraza ya kata, ambayo kwa miaka mingi yaliamua mashauri ya ardhi, yalivuliwa mamlaka hayo kwa marekebisho ya 2021 na kubakizwa na upatanishi. Kenya ilianza upatanishi unaoambatana na mahakama Aprili 2016 katika divisheni za familia na biashara za Milimani, Nairobi: jalada hutolewa kwenye foleni ya jaji, likapelekwa kwa mpatanishi, na makubaliano yakifikiwa hurudishwa yasajiliwe kama amri ya mahakama. Ndugu wanaogombania shamba la baba yao hawanufaiki na tuzo inayomtaja mshindi, kwa sababu msiba ujao utawakutanisha tena kwenye turubai moja. Wakili anayewapeleka kwenye usuluhishi wa gharama amewauzia dawa ya ugonjwa mwingine. Na yapo mambo ambayo kwa kawaida hayasuluhishiki kwa njia hii hata watu wakitaka: jinai, kuvunja ndoa, kufilisi kampuni.

Serikali, kwa upande wake, imeujua usuluhishi kwa maumivu. Mwaka 2003 kampuni ya City Water ilikabidhiwa huduma ya maji Dar es Salaam kwa mkataba wa miaka kumi; Mei 2005 serikali ilitangaza kuuvunja, na wiki chache baadaye viongozi wa kampuni hiyo wakaondolewa nchini. Mbia wake wa kigeni, Biwater Gauff, alikwenda ICSID, kituo cha usuluhishi wa uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia, Washington. Tuzo ya Julai 2008 ilikuwa ya aina yake: Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda wawekezaji, lakini hailipi fidia, kwa sababu kampuni ilikuwa tayari imekwisha thamani kabla serikali haijafanya kosa lolote. Asasi za Tanzania, zikiwemo LHRC, LEAT na TGNP, ziliruhusiwa kuwasilisha hoja zao kwa maandishi, jambo lililokuwa geni kwenye vikao hivyo vya faragha.

Bahati hiyo haikujirudia. Mkataba wa umeme wa dharura wa 2006 kati ya TANESCO na Richmond, uliohamia kwa Dowans na kuvunjwa 2008, ulimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Bungeni mkataba ulikuwa kashfa. Mbele ya wasuluhishi wa ICC, chemba ya kimataifa ya biashara, ulikuwa mkataba uliovunjwa, na Novemba 2010 TANESCO iliamriwa kulipa dola zipatazo milioni 65. Umma ulikasirika, lakini wasuluhishi hawapimi hasira ya umma. Hupima kilichoandikwa, kilichothibitishwa, na kilichoachwa bila kuthibitishwa.

Kisha mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya umiliki wa rasilimali inayosema kwamba migogoro ya utajiri asilia haitapelekwa mahakama au mabaraza ya nje, itaamuliwa na vyombo vilivyoko Tanzania. Hoja yake ilieleweka: kwa nini dhahabu ya Songwe ijadiliwe Washington? Ugumu ni kwamba mikataba ya kulinda uwekezaji ambayo Tanzania iliwahi kuisaini na nchi nyingine, kama Uingereza na Canada, haikufutwa na sheria ya ndani. Leseni za kuhodhi maeneo ya madini zilipofutwa, wenye leseni hawakutegemea sheria za ndani. Walitumia mikataba ile ya mataifa. Kampuni ya madini ya Winshear iliondoka na makubaliano ya dola milioni 30 Oktoba 2023, na mwenzake Montero na milioni 27 Novemba 2024.

Usiri, ambao ndio sifa inayouza usuluhishi, una upande wake wa giza, na Nigeria iliuona. Kampuni ya P&ID ilisaini mkataba wa gesi 2010, kiwanda hakikujengwa kamwe, na bado mwaka 2017 wasuluhishi waliokaa London waliipa dola bilioni 6.6, deni ambalo kwa riba lilipita bilioni 11. Oktoba 2023 Mahakama Kuu ya London iliitupa tuzo hiyo baada ya kuona kwamba rushwa ilitumika, na kwamba nyaraka za siri za mawakili wa Nigeria zilikuwa zikivujishwa kwa wapinzani wao huku shauri likiendelea. Wasuluhishi hawakuyaona hayo, na mawakili wa Nigeria wenyewe hawakuyafichua kikaoni. Ilihitajika mahakama ya wazi, yenye uwezo wa kudai nyaraka na kuhoji mashahidi kwa wiki kadhaa, kuyatoa.

Turudi nyumbani, kwenye nikeli ya Ntaka Hill, wilayani Nachingwea. Kampuni ya Indiana Resources, iliyopoteza leseni yake katika ufutaji ule ule, ilishinda ICSID Julai 2023 na kupewa takriban dola milioni 109. Tanzania ikaomba tuzo itenguliwe, njia ambayo ingeweza kuchukua muda mrefu huku riba ikipanda. Kampuni nayo ilikuwa na tuzo isiyokuwa fedha, na mbele yake kazi ya kusaka mali za serikali nchi za nje. Mawakili wa pande zote mbili walijua hesabu hizo. Julai 2024 walikubaliana dola milioni 90 kwa awamu tatu, na mashauri yakafungwa. Baada ya kurasa nyingi za hoja, maswali ya dodoso na tuzo yenyewe, jambo lilimalizwa na watu waliokaa wakakubaliana bei, na awamu ya mwisho ya malipo ikapangiwa Machi 2025.